Sindano Ina Saa Yake

Ipo kauli moja ambayo imenikera kwa muda mrefu, nami nimeona heri niiseme waziwazi kuliko kuingia nayo kaburini. Kauli yenyewe ni hii: "Huyu hafuati masharti." Husemwa na madaktari, husemwa na wauguzi, na zaidi ya wote husemwa na sisi ndugu wa mgonjwa. Mtu mwenye kisukari akipimwa, sukari ikaonekana iko juu, neno la kwanza kumshukia ni hilo. Amekula alichokatazwa. Ameacha kujidunga. Anatudanganya. Akiapa kwamba hakula wala hakuacha, basi huja kauli ya pili, ndugu yake ile ya kwanza: "Mwili wake umekuwa sugu. Tuongeze dozi."

Mimi si daktari. Nilifundisha hesabu na sayansi katika shule za msingi kwa miaka 34, na sasa nalima kibanja changu hapa Buhembe, Bukoba. Lakini nathubutu kusema kwamba kauli hizo mbili, mara nyingi mno, hufunika swali ambalo hakuna aliyejisumbua kuliuliza. Swali hilo ni fupi: unajidunga saa ngapi, na unakula saa ngapi? Insulini si dawa ya kiasi peke yake. Ni dawa ya kiasi na saa. Ikitolewa kwa saa isiyo yake, kiasi kilekile kinachookoa kinaweza kuangamiza, na mwili uliokuwa msikivu ukaonekana kuwa kiziwi.

Nitaeleza nilivyolijua jambo hili, ingawa maelezo yenyewe hayanipi sifa yoyote.

Dada yangu mkubwa aliolewa Muleba. Mumewe alipofariki, watoto wake wakiwa wametawanyika Mwanza na Dar es Salaam, nilimwomba aje tukae naye. Alikuja mwaka 2015, mwaka mmoja kabla ya lile tetemeko la Septemba 2016 lililotubomolea nyumba nyingi. Alikuja na sanduku lake la nguo, jembe lake, na mtungi mdogo wenye mchanga na maji ambamo alihifadhi chupa yake ya insulini. Hatukuwa na jokofu, na kwa hali ya hewa ya kwetu mtungi ule ulitosha. Jicho lake la kushoto lilikuwa tayari limekwisha kufa kwa ugonjwa huo. Lile la kulia ndilo lililobaki, na wote nyumbani tulijua kwamba tunalilinda.

Insulini yake ilikuwa ya mchanganyiko, ile ambayo sehemu moja hufanya kazi haraka na sehemu nyingine hufanya kazi polepole. Kwenye kibahasha cha kliniki paliandikwa 1x2. Hayo ndiyo yalikuwa maelezo yote. Mara mbili kwa siku. Naye, kwa kuwa ni mtu wa utaratibu kuliko mimi, alijipangia saa 12 asubuhi na saa 12 jioni, na hakuwahi kukosa hata siku moja. Mara ngapi nilimwona amekaa kwenye kigoda mlangoni, jua likizama, akivuta dawa kwenye bomba huku ameliinua karibu kabisa na jicho lake moja ili aone mistari!

Hata hivyo sukari yake ilikataa kushuka. Kila mwezi alipokwenda kliniki, akipimwa saa 3 asubuhi, ilikuwa juu. Kila mwezi dozi ya jioni iliongezwa. Alianza na uniti 10 za jioni akafika 24. Akanenepa. Akawa anachoka. Katika kliniki moja ambayo sitaitaja, aliambiwa mbele ya watu waliojaa mabenchi kwamba mama watu wazima wa siku hizi ni waongo kuliko watoto.

Nami nilisadiki. Nakiri. Nilisadiki kwa sababu nilikuwa na ushahidi. Sukari ya jikoni ilikuwa inapungua. Mke wangu alikuwa amekwisha kuliona hilo, nami nikaanza kuliweka alama kopo kwa kalamu, kama nilivyokuwa nikiweka alama chupa ya wino wa shule. Usiku mmoja, yapata saa 2, nilirudi mapema kuliko desturi yangu nikamkuta dada yangu amesimama jikoni gizani, kijiko mkononi, anakomba sukari. Mikono yake ilikuwa inatetemeka. Nikadhani ni aibu. Nilimwambia, mbele ya wajukuu, kwamba mtu mzima hadanganyi. Hakunijibu neno. Aliweka kijiko, akaenda kulala bila kula.

Sasa nieleze saa za nyumba yangu. Mimi ni mtu wa bao. Tangu nistaafu, kila jioni nilikuwa naketi na wenzangu pale njia panda, tukicheza, tukitafuna kahawa, tukijenga nchi kwa maneno. Nilirudi nyumbani saa 3 usiku, pengine saa 3 na nusu. Ndizi na maharage vilikuwa vimeiva zamani, vimefunikwa kwa majani ya mgomba vibaki na moto, na nyumba nzima inanisubiri. Hakuna aliyeniambia nirudi mapema. Kwa desturi tuliyolelewa nayo, chakula humsubiri mwenye nyumba, na dada yangu, ingawa ni mkubwa kwangu kwa miaka 6, asingetia mkono sahanini kabla yangu katika nyumba yangu.

Ilikuwa Novemba, msimu wa senene. Wanaoijua Bukoba wanajua usiku wa senene ulivyo. Watoto kwa wazee wapo nje kwenye taa, na hakuna anayekumbuka saa. Usiku huo nilirudi saa 4 na robo, na mfuko wangu wa senene. Nilikuta taa zinakimbia uani. Dada yangu alikuwa amelala chini mlangoni pa jiko, ameloa jasho, haongei, meno ameyauma. Jirani mmoja akasema kaonja rubisi. Mwingine akanong'ona kwamba huo ni mkono wa mtu. Tulimpakia kwenye gari la jirani tukashuka naye mjini.

Hospitali walimpima, sukari ilikuwa imeshuka mno. Walimwekea dripu ya glukosi, na kabla chupa haijafika nusu akafumbua jicho lake. Tabibu wa zamu alikuwa binti mdogo, umri wa mwanafunzi wangu wa mwisho. Hakuuliza alikula nini. Aliuliza, "Shikamoo bibi. Leo ulijidunga saa ngapi?" Dada yangu akasema, "Saa 12." Binti akauliza tena, "Na ulikula saa ngapi?"

Dada yangu hakujibu. Alinitazama mimi.

Ndugu msomaji, nimesimama mbele ya wakaguzi wa shule na mbele ya maaskofu, lakini sijawahi kutazamwa namna ile. Wakati huohuo nilielewa kijiko cha sukari, nikaelewa mikono iliyotetemeka, nikaelewa kopo nililoliwekea alama. Alikuwa anapambana na kifo jikoni kwangu, nami nikamwita mwongo.

Binti yule alinichorea kwenye karatasi. Ile sehemu ya haraka ya insulini ya dada yangu huanza kazi yapata nusu saa baada ya kudungwa. Nguvu zake huwa kubwa kati ya saa ya pili na ya nne hivi, kisha hupungua. Imetengenezwa ikutane na chakula, na ndiyo maana hudungwa nusu saa kabla ya mlo. Dada yangu alijidunga saa 12 jioni. Ilipofika saa 2 usiku dawa ilikuwa kileleni na tumbo ni tupu. Sukari ikaporomoka, akatetemeka, akakimbilia kopo. Saa 3 na nusu mwenye nyumba akarudi, ndizi zikaliwa sahani tele, na sasa dawa ya haraka imekaribia mwisho wa kilele chake. Sukari ikapanda usiku kucha, juu ya ile aliyoikomba. Asubuhi kliniki wakaona namba kubwa, wakaongeza dozi ya jioni. Dozi ilipoongezwa, maporomoko ya saa 2 yakazidi, na kijiko kikazidi, na namba ya asubuhi ikazidi. Gurudumu likawa linazunguka, na kila mzunguko ukaitwa usugu.

Tangu siku ile nimesoma kila nilichokipata juu ya jambo hili, na kijana wangu aliyeko Dar es Salaam amenitumia mengi. Nitasema machache, kwa kuwa hasira bila maarifa ni kelele.

Kongosho la mtu mwenye afya halimwagi insulini kama mfereji ulioachwa wazi. Huitoa kwa mapigo madogo, kila baada ya dakika 5 hivi, usiku na mchana. Chakula kinapoanza kuingia, hutoa mmiminiko wa haraka ndani ya dakika chache za kwanza. Insulini hiyo hupita kwanza kwenye ini, ambalo hubakiza karibu nusu yake au zaidi, kisha ndipo inayobaki huenda kwenye misuli na kwingineko. Mmiminiko ule wa mwanzo huliambia ini lisitishe kumwaga sukari ya akiba, maana nyingine iko njiani. Ujumbe huo ukichelewa, ini huendelea kumwaga huku tumbo nalo linamwaga, na damu hujaa sukari kutoka pande mbili.

Kwamba saa na namna ya kutoa insulini hubadili nguvu yake si maneno yangu. Mwaka 1983 watafiti wa Oxford, Uingereza, walionyesha kwamba insulini ikitolewa kwa mapigo hushusha sukari zaidi kuliko ikitolewa mfululizo bila kukatika. Mwaka 1988 watafiti wa Sydney, Australia, walionyesha kwa wagonjwa wa kisukari cha watu wazima kwamba insulini kidogo inayotolewa mapema, mlo unapoanza, hupunguza sukari ya mlo huo kuliko kiasi hichohicho kikichelewa. Na kabla yao, mwaka 1974, watafiti wa Marekani walionyesha maabara kwamba seli zikiachwa zimezama katika insulini nyingi kwa saa nyingi hupunguza vipokezi vyake, yaani vile vilango ambavyo insulini hubisha hodi.

Jambo hilo la mwisho mwalimu yeyote analielewa. Kengele ya shule ikilia kwa saa yake, watoto hukimbia mstarini. Kengele hiyo ikilia kutwa nzima, hakuna mtoto atakayeinua kichwa. Je, hapo utasema watoto wamekuwa sugu? Au utamwuliza anayepiga kengele?

Ajabu ni kwamba elimu hii si ngeni. Insulini iligunduliwa Toronto, Canada, mwaka 1921, na mapema mwaka 1922 mvulana wa miaka 14, Leonard Thompson, akawa mgonjwa wa kwanza kuokolewa nayo. Siku zile insulini ilikuwa ya muda mfupi, na mgonjwa alijidunga mara kadhaa kwa siku, akiifuatanisha na milo yake. Mwaka 1936 Hans Christian Hagedorn wa Denmark na wenzake walitangaza insulini iliyochanganywa na protamini, protini itokanayo na samaki, ambayo hufanya kazi polepole. Ilikuwa neema kubwa kwa wagonjwa waliochoka kuchomwa. Lakini kwa maoni yangu neema hiyo ilileta pia mazoea mabaya. Tangu hapo ikawa rahisi kuandika idadi ya sindano na kusahau saa zake.

Mwaka huohuo wa 1936, daktari wa London, Harold Himsworth, aliandika katika jarida la Lancet kwamba kuna wagonjwa ambao miili yao huisikia insulini na wengine ambao miili yao haiisikii vyema. Hapo ndipo habari ya usikivu na usugu ilipopata mizizi. Ni elimu ya kweli, wala siipingi. Ninachopinga ni kuitwaa elimu ya Himsworth na kuifanya fimbo ya kumchapia mgonjwa ambaye hajaulizwa anakula saa ngapi.

Kuna mengine yanayofanana na hayo. Mgonjwa akijidunga mahali palepale siku zote, ngozi hufanya uvimbe laini, na dawa inayopita hapo hufika kwa kusuasua, leo mapema, kesho kwa kuchelewa. Dada yangu alikuwa na uvimbe wa namna hiyo pande mbili za kitovu, mkubwa kama yai, na kwa miaka yote hakuna aliyewahi kumpapasa tumbo. Mtu akijidunga pajani kisha akashika jembe, mguu unaofanya kazi huipeleka dawa haraka. Tena misuli iliyofanya kazi huwa misikivu zaidi kwa insulini kwa saa nyingi baadaye, pengine hadi kesho yake. Mwanamke wa Muleba anayejidunga saa 12 asubuhi, akanywa chai tupu, akalima hadi saa 7 mchana, anajitafutia kuanguka kibanjani saa 5. Na mtu mwenye afya akila chakula kilekile asubuhi na usiku, sukari yake hupanda zaidi usiku. Basi ndizi zinazoliwa saa 3 usiku si ndizi zilezile zilizoliwa saa 1, hata kama zimetoka mkungu mmoja.

Kuna watakaonijibu. Najua hoja zao kwa sababu nimezisikia.

Watasema kliniki zetu zimejaa, muuguzi ni mmoja na wagonjwa ni mia, hana nafasi ya kumhoji kila mtu ratiba ya nyumbani kwake. Ni kweli zimejaa. Mwishoni mwa miaka ya 1980 Profesa Donald McLarty wa Muhimbili na wenzake walipopima watu katika vijiji sita vya Tanzania, walikuta karibu mtu 1 mzima kati ya 100 ana kisukari. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2012 ulikuta watu 9 kati ya 100 wenye umri wa miaka 25 hadi 64. Mzigo umekua, na siwalaumu wanaoubeba. Lakini kuandika "nusu saa kabla ya kula" badala ya 1x2 kunachukua muda gani? Binti yule wa zamu alikuwa peke yake usiku ule, na maswali yake mawili hayakumaliza dakika moja.

Watasema mambo ya mapigo na dakika ni ya Wazungu wenye mashine. Ni kweli zipo mashine. Mwaka 2016 Marekani iliidhinisha pampu ya kwanza inayojirekebisha yenyewe, ikisoma sukari na kupanga insulini upya kila dakika 5, kwa kuliiga kongosho. Siombi mashine hiyo ije Buhembe kesho. Nasema tu kwamba wenzetu wamegharimia mashine ili kuipatia insulini dakika yake, nasi hatujagharimia sentensi moja ili kuipatia saa yake.

Watasema wagonjwa wetu hawana saa. Hoja hii ndiyo inayonichekesha. Mwislamu wa Bukoba akifunga Ramadhani anajua dakika ya daku na dakika ya futari. Mwaka 2016 Shirikisho la Kimataifa la Kisukari lilishiriki kutoa mwongozo mzima wa namna ya kubadili saa na vipimo vya insulini katika mwezi huo. Kumbe saa za kula zinaweza kuulizwa, na dawa ikapangwa kuzifuata! Kama inawezekana mwezi mmoja, kwa nini isiwezekane miezi kumi na miwili, kwa Mwislamu na kwa Mkristo?

Tena saa yetu ya Kiswahili huanza kuhesabu jua linapochomoza, na usiku huanza kuhesabiwa upya linapozama. Bibi asiyejua kusoma anajua saa 1 ya asubuhi ni ipi kwa kutazama kivuli cha mgomba. Tumezaliwa tunahesabu siku kwa jua, na mwili nao unajihesabia kwa jua. Hatukosi saa. Tunakosa heshima kwa saa ya mgonjwa.

Sitaki kueleweka vibaya. Sisemi kwamba kiasi cha dawa si kitu. Uchunguzi mkubwa wa Marekani na Canada uliotolewa mwaka 1993, uliohusisha wagonjwa 1,441, ulithibitisha kwamba kuidhibiti sukari kwa karibu hupunguza madhara ya macho, figo na mishipa ya fahamu, na wengi huhitaji dozi kuongezwa. Sisemi kwamba usugu haupo. Upo, na unene, maradhi na kukaa tu bila kazi huuongeza. Wala simwambii mgonjwa yeyote apunguze au aache sindano kwa sababu mwalimu mstaafu ameandika kitabu. Mtoto mwenye kisukari cha utotoni akikosa insulini hufa, hilo halina mjadala. Dozi ya dada yangu ilipunguzwa na daktari, hatua kwa hatua, kwa vipimo, si kwa maneno yangu. Ninachosema ni kwamba kabla ya kuongeza, uliza saa. Kabla ya kumwita mtu mwongo, uliza saa.

Kwa hiyo nina madai, nami nayaweka hapa bila kuremba. Kliniki iandike saa ya sindano pamoja na saa ya mlo, kwa Kiswahili, kwenye kila kibahasha. Sukari isipimwe asubuhi tu, maana kinachotokea saa 2 usiku hakionekani saa 3 asubuhi. Inapowezekana, mgonjwa apimwe pia kabla ya chakula cha jioni na kabla ya kulala, hata kwa siku chache tu, ili njia ya sukari ionekane. Mgonjwa aliyekwisha kujidunga asikalishwe kwenye benchi hadi saa 6 mchana bila kula kwa sababu faili lake halionekani. Nimewaona kwa macho yangu wakitokwa jasho kwenye mabenchi hayo, na wapita njia wakidhani ni homa. Na tumbo la mgonjwa lipapaswe, uvimbe utafutwe.

Lakini dai langu kubwa si kwa kliniki. Ni kwa wanaume wenzangu wa Bukoba, wa Muleba na kwingineko. Katika nyumba zetu, saa ya chakula ni saa ya nani? Nimekwisha kukwambia ilivyokuwa kwangu. Daktari aliandika mara mbili kwa siku, lakini aliyekuwa akiamua kama sindano ile ni dawa au ni sumu ni mimi, nikiwa kwenye bao njia panda. Tunawanunulia wagonjwa wetu insulini, tunawalipia nauli, tunajisifu kwamba tunawatunza, kisha tunawasubirisha na njaa ndani ya dawa. Mke anayejidunga hawezi kukwambia, "Bwana, nakula kabla yako." Amelelewa asiseme. Mama hawezi, dada hawezi. Basi seme wewe. Sema chakula kiliwe saa yake, uwepo au usiwepo. Heshima ya mwenye nyumba haikai kwenye sufuria.

Dada yangu yu hai. Siku hizi anajidunga saa 12 na nusu, akizungusha mahali pa kuchoma kama alivyofundishwa, na saa 1 jioni sahani iko mbele yake. Asubuhi hatoki kwenda kibanjani kabla hajala. Uniti 24 za jioni zilishuka hadi 14. Sukari yake haijawa ya malaika, kuna miezi ya taabu, lakini kopo la jikoni halijapungua kwa siri tena, na hajaanguka tangu mwaka ule. Jicho la kulia bado linaona mistari ya bomba. Lile la kushoto halitarudi, na sijui ni kiasi gani cha giza lake kilitokana na saa za watu wengine.

Wenzangu wa bao hunicheka. Ifikapo saa 12 jioni naweka kete chini hata kama nashinda. Husema mwalimu siku hizi anatawaliwa na sindano ya dada yake. Nawajibu kwamba ni kweli, na kwamba ningetawaliwa nayo mapema zaidi, nisingemwomba msamaha mtu aliyenibeba mgongoni nikiwa mtoto.